Povu Halisafishi Sinki: Maswali Yenu Kuhusu Yanayovuma Mtandaoni

Barua nyingi za mwezi huu zina kisa kimoja kwa sura tofauti: kitu kimeonekana kwenye simu, kikaigwa nyumbani, kikaleta utata. Tumechagua nane. Penye hatari au kazi ya mikono tumejibu kwa kirefu. Penye jibu fupi hatukulirefusha.

Nimeona video ya kusafisha bafu kwa kuchanganya blichi, siki na sabuni ya unga. Povu lilipanda vizuri sana. Nilipojaribu, macho yaliniwasha na nikakohoa mpaka nikatoka nje. Je, nilikosea vipimo?

Hukukosea vipimo, dada. Mchanganyiko wenyewe ndio kosa, na hakuna kipimo kitakachoufanya uwe salama. Blichi ya nyumbani ni hipokloriti ya sodiamu iliyoyeyushwa katika maji. Ikikutana na asidi, iwe siki, maji ya limau au dawa kali ya kung'arisha choo, hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Ikikutana na amonia, ambayo imo katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo, hutoa kloramini, nazo huchoma njia ya hewa vilevile. Mkojo pia una amonia, kwa hiyo choo kivutwe maji kwanza ndipo kitiwe blichi.

Ikitokea tena, toka hapohapo. Usibaki kumwaga ndoo wala usiongeze kitu kingine ukidhani utaizima gesi. Klorini ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, ndiyo maana mtoto anayetambaa huumia kabla ya mtu mzima aliyesimama. Mbebe utoke naye. Nguo zilizorukiwa zivuliwe, na macho yanayowasha yasuuzwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Kikohozi kisichokoma, kifua kubana au kupumua kwa mluzi ni mambo ya hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu mapafu huweza kuvimba saa kadhaa baadaye, wakati unadhani yamekwisha.

Sasa hilo povu. Zipo video nyingine, zisizo na hatari, zinazochanganya soda ya kuokea na siki. Povu lake ni hewa ya kabonidayoksaidi tu. Asidi na alkali zimemalizana, na kilichobaki kwenye sinki ni maji yenye chumvichumvi ambayo hayasafishi chochote cha maana. Kila kimoja peke yake kina kazi yake: soda husugua bila kuchuna, siki huyeyusha ule ukoko mweupe wa chokaa unaoganda kwenye bomba. Lakini siki iliyotulia juu ya bomba nusu saa haina cha kuonyesha mbele ya kamera, na povu linacho. Kinachosambaa ni kile kinachoonekana kikitendeka, na mara nyingi kile kinachofaa hakionekani kabisa.

Njia isiyo na mbwembwe ni hii. Safisha kwanza kwa sabuni, usuuze sabuni yote, maana uchafu huimaliza nguvu blichi kabla haijafika ukutani. Kwa blichi yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 9, tia mililita 20, yaani vijiko 4 vya chai, katika lita 1 ya maji ya kawaida. Usitumie maji ya moto, huivunja haraka. Pakaza, acha pabaki pamelowa angalau dakika 1, kisha suuza. Fungua dirisha, vaa glovu, na maji yaliyobaki yamwage. Baada ya siku moja nguvu yake imepungua na hayategemewi tena.

Na usoni je? Binti yangu anapaka limau na soda ya kuokea, anasema kila mtu anafanya.

Mama, mzuie leo, hasa kabla hajatoka juani. Ngozi yenye afya ina pH, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka asidi imepanda, ya karibu 5. Maji ya limau yana pH ya karibu 2, na kwa kuwa kila hatua ya kipimo hicho ni mara kumi, hiyo ni asidi takriban mara 1,000 kupita ya ngozi. Soda nayo huvuta upande wa pili, kama 8. Ngozi inayovutwa huku na kule hupoteza mafuta yanayoikinga, na ule mng'ao wa dakika chache alioufurahia ni ngozi iliyokwaruzwa.

Ubaya mkubwa uko kwenye jua. Ndimu na limau vina kemikali ziitwazo furanokumarini. Zikibaki kwenye ngozi halafu zipigwe na jua, huleta vidonda vya kama kuungua. Havitokei papo hapo. Mara nyingi huchukua siku moja au mbili, ndipo wekundu na malengelenge vinapojitokeza, kisha hubaki mabaka meusi kwa wiki au miezi. Kwa sababu ya kuchelewa huko, wengi hulaumu sabuni mpya au chakula. Akiwa amepaka tayari, aoshe kwa sabuni na maji, mikono pia, na akae kivulini siku hiyo.

Niliangalia video moja ya madereva wakigombana barabarani. Sasa simu yangu imejaa ugomvi mtupu, na mimi mwenyewe nimeanza kuwa mkali nikiwa nyuma ya usukani. Nitaisafishaje?

Umefanya vyema, ndugu, kuutambua ule ukali. Wengi huuona umewatoka wenyewe. Mfumo unaokupangia video haujui kama umependa au umechukizwa. Unahesabu. Umekaa sekunde ngapi, umerudia, umetuma kwa mtu, umeandika komenti. YouTube, kwa mfano, mwaka 2012 iliacha kutanguliza idadi ya mibofyo ikatanguliza muda wa kutazama. Kwa hesabu hiyo, mtu aliyetazama ugomvi hadi mwisho huku akisonya ni mteja mzuri wa ugomvi.

Kabla hujagusa mipangilio, jiangalie kama una mazoea haya. Kufungua komenti ili usome watu wanasema nini: video inaendelea kujirudia nyuma yake na kila mzunguko unaingia kwenye hesabu. Kuandika komenti ya kulaani. Kumtumia rafiki ukisema "hebu mwone huyu". Kumpa mtoto simu katika akaunti yako. Yote manne huulisha mfumo kitu kilekile unachotaka kukikimbia.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye YouTube ingia historia ya kutazama, futa video za ugomvi moja moja, au futa yote. TikTok tangu mwaka 2023 ina kitufe cha kuanza upya ukurasa wa mapendekezo, na Instagram nayo imeongeza cha aina hiyo. Vyote utavikuta ndani ya mipangilio, sehemu ya mapendeleo ya maudhui. Wengi hufika hapa wakaishia, na ndipo wanapokosea. Mfumo uliofutwa kumbukumbu hukubahatisha kwa kukuletea vinavyopendwa na umati, na umati hutazama ugomvi. Ukilala chali ukaanza kuteleza tu, baada ya siku chache umerudi pale pale. Mara tu baada ya kufuta, andika mwenyewe kwenye kisanduku cha kutafutia mambo matano au sita unayoyataka hasa: ufundi wa magari, mchezo fulani, lugha unayojifunza. Tazama chache hadi mwisho, fuata akaunti zake. Ugomvi ukijitokeza, ibonyeze video kwa muda, chagua kwamba hukuvutiwa, na ufanye hivyo ndani ya sekunde mbili tatu za mwanzo. Ukiikataa baada ya kuitazama nusu dakika, umetoa majibu mawili yanayopingana.

Jambo la mwisho kwako: ukurasa usio na mwisho ulibuniwa mwaka 2006 na Aza Raskin, mbunifu wa programu, ambaye baadaye alisema wazi kwamba anaujutia. Zamani mwisho wa ukurasa ulikupa nafasi ya kujiuliza kama unaendelea. Ujirudishie mwenyewe. Katika mipangilio ya simu kuna kikomo cha muda kwa kila programu. Weka dakika 20, na uweke pia skrini ya rangi ya kijivu kuanzia jioni. Video ile ile bila rangi huchosha macho mapema, na hicho ndicho unachokitaka.

Baba mkubwa hutuma kwenye kundi la familia ujumbe wa dawa na hatari zisizo za kweli. Nikimsahihisha mbele ya watu anaona nimemvunjia heshima. Nikinyamaza, shangazi wanaamini.

Tuuchukue ujumbe mmoja wa aina hiyo tuufungue. "MUHIMU SANA!!! Daktari bingwa wa hospitali kubwa amethibitisha kuwa ukinywa maji ya moto asubuhi, ugonjwa wa moyo unaisha kabisa. Hawataki ujue. Watumie watu 20 uokoe maisha." Daktari hana jina. Hospitali haina jina. Hakuna tarehe, kwa hiyo hauzeeki. Unaweza kuzunguka miaka mitano ukaonekana wa jana. "Hawataki ujue" imewekwa ili anayepinga aonekane ni mmoja wao. Na idadi ya watu 20 inakupa kazi ya kufanya kabla hujafikiri. Kanuni yetu ni moja: ujumbe unaokuelekeza uutume kwa watu wangapi, usiutume kwa hata mmoja.

Kwenye WhatsApp tazama mishale. Mshale mmoja maana yake umetumwa kutoka soga nyingine. Mishale miwili maana yake umepita mikono mitano au zaidi tangu kwa mwandishi wake, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hupelekwa kwenye soga moja tu kwa mara moja. Lakini mishale isikudanganye: mtu akinakili maneno na kuyabandika upya, inapotea.

Ikiwa kuna picha, ihifadhi, ikate pembeni uondoe maandishi yote yaliyobandikwa juu yake, kisha ipandishe kwenye Google Lens au TinEye, zinazotafuta mahali picha ilipowahi kuonekana mtandaoni. Kukata ni muhimu, maana usipokata mara nyingi utaletewa picha nyingine zenye maandishi kama hayo badala ya picha yenyewe. Kwenye TinEye panga matokeo kuanzia la zamani zaidi. Picha ya "mafuriko ya jana" ikitokea kuwa ya miaka sita nyuma, kazi imekwisha. Kwa video, isimamishe mahali penye kibao, jengo au namba, piga picha ya skrini, fuata njia hiyohiyo.

Sasa heshima. Usimjibu kundini. Mwandikie faraghani, na umpe kitu cha kutuma badala ya kile cha kufuta, ili asahihishe yeye mwenyewe na abaki mkubwa mbele ya watu. Kwa mfano: "Shikamoo Baba mkubwa. Nimeona ujumbe wa maji ya moto, najua umetuma kwa kutujali. Nimeufuatilia, hauna daktari aliyeusema, na naogopa shangazi asije akaacha dawa zake za presha. Hapa kuna maelezo sahihi. Ukiyatuma wewe watayasikiliza kuliko nikituma mimi." Ana siku mbili na ushei za kuufuta kwa wote. Akichelewa, msimamizi wa kundi anaweza kuufuta ujumbe wa mwanachama yeyote.

Pale ambapo mtu amekwisha kuacha dawa kwa sababu ya ujumbe, ngoja ngoja ya adabu haina nafasi. Mpigie simu.

Nilituma rambirambi nikaweka kile kiuso chenye machozi, watu wakanikasirikia. Kosa langu ni lipi?

Umetuma 😂, nacho ni kicheko hadi machozi. Ulichokitaka ni 😭 au, salama zaidi, maneno matupu. Na hata hicho cha pili vijana wengi hukitumia wakiwa wamecheka hadi wameishiwa nguvu, sawa na fuvu la kichwa, linalomaanisha "nimekufa kwa kicheko". Kwenye msiba andika maneno.

Msomaji akijua emoji inavyosafiri ataelewa utata huu unatoka wapi. Simu yako haitumi picha. Inatuma namba, kwa mfano U+1F602, na simu ya mwenzako inachora kwa mkono wake. Ndiyo maana sura hubadilika kati ya kampuni moja na nyingine. Mwaka 2016 Apple waliibadilisha bastola kuwa ya kuchezea maji wakati kampuni nyingine bado zilionyesha bastola ya kweli, na nyingi zilifuata mwaka 2018 tu. Kwa muda huo mzaha wa mtu mmoja ulifika kwa mwingine kama tishio. Ukiwa na shaka, ifungue tovuti ya Emojipedia, bandika alama yako, usome jina lake na utazame inavyochorwa kwenye simu mbalimbali.

Nina miaka 16. Kila wiki kuna chalenji mpya. Nitajuaje ipi ni salama bila kuonekana mwoga?

Jiulize inagusa nini. Ikigusa pumzi, kumeza kitu, kupanda mahali pa juu, moto, umeme, gari linalotembea, au mtu ambaye hajakubali kushirikishwa, iache. Usijadiliane nayo. Ya kuzuia pumzi imeua vijana, kwa sababu ubongo ukikosa oksijeni unazimika bila onyo na huanza kuharibika ndani ya dakika chache. Ya kumeza dawa za mzio kupita kipimo ilifanya mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, kutoa tahadhari Septemba 2020: moyo kwenda kombo, degedege, kifo. Wale wanaochoma michoro kwenye mbao kwa transfoma ya maikrowevu wanacheza na takriban volti 2,000, na umeme huo haukupi nafasi ya kukosea mara ya pili.

Utasema umeona mamia waliofanya wakabaki wazima. Hao ndio walioweza kuposti. Aliyeanguka hakupandisha video yake.

Chalenji si mbaya kwa asili yake, nasi hatupendi kuziona zikilaaniwa kwa jumla. Ile ya kujimwagia maji ya barafu mwaka 2014 iliiletea ALS Association, shirika la Marekani linalopambana na ALS, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli, dola milioni 115, na sehemu ya fedha hizo ilisaidia utafiti ulioitambua jeni NEK1 kuwa inahusika na ugonjwa huo. Kwa marafiki huhitaji hotuba. Jitolee kushika kamera kwenye zile salama, anzisha ya kwenu, na kwenye ile mbaya sema "hiyo sifanyi", ubadilishe mazungumzo.

Ile michezo ya "jina lako la usanii ni jina la mnyama wako wa kwanza na mtaa uliokulia" ina ubaya gani?

Hayo ndiyo maswali ya kurejesha nenosiri. Futa komenti hiyo. Kisha, kwenye akaunti zenye maswali ya usalama, badilisha majibu yawe maneno yasiyo na ukweli wowote na uyahifadhi pamoja na nenosiri. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Kwenye WhatsApp ni PIN ya tarakimu sita, na usimpe mtu PIN hiyo wala ile namba inayokuja kwa SMS, hata akijitambulisha kuwa ni wa WhatsApp.

Wenzangu kazini wamegeuza picha yangu nikiwa nimefumba macho kuwa stika. Inatumika kila siku. Nimechoka kucheka nao.

Una haki ya kuchoka, na huhitaji kujieleza kwa nini si ya kuchekesha. Anza kwa kuelewa stika ilivyo: ni faili dogo, pikseli 512 kwa 512, na kila aliyeiweka kwenye vipendwa ana nakala yake kwenye simu yake. Msimamizi akifuta ujumbe, ameondoa stika kwenye soga tu. Haikutoka mifukoni mwa watu. Kwa hiyo lazima uombe mambo mawili, siyo moja.

Kwanza piga picha za skrini zinazoonyesha stika, tarehe na namba ya aliyetuma, uziweke mahali. Usianze kundini kwa hasira. Mwaka 2003 mwimbaji wa Marekani Barbra Streisand alishtaki ili picha ya nyumba yake ya ufukweni iondolewe mtandaoni. Kabla ya kesi ilikuwa imepakuliwa mara 6, mbili kati ya hizo na mawakili wake mwenyewe, na mwezi uliofuata watu zaidi ya 420,000 waliitembelea. Kundi la kazini hufanya vivyo hivyo kwa kiasi chake: ukilalamika hadharani, stika hupata msimu mpya.

Mtafute aliyeitengeneza, peke yake. "Ndugu yangu, ile stika yangu imeniudhi. Naomba uifute kwenye simu yako na uwaambie wenzetu waitoe kwenye vipendwa." Mpe siku mbili tatu. Ikirudi, peleka picha zako za skrini kwa msimamizi wa kundi, kisha kwa mkuu wa kazi, maana sasa umekwisha kuomba ukakataliwa na ushahidi unao. Wakati huohuo ingia mipangilio ya faragha, weka picha ya wasifu ionekane na watu walio kwenye orodha yako pekee.

Kama kuna msomaji ambaye picha yake iliyosambazwa ni ya utupu, njia ni nyingine na asisubiri siku hata moja. Aliye na miaka 18 na zaidi atumie StopNCII.org, aliyepigwa picha akiwa chini ya umri huo atumie Take It Down. Zote hutengeneza alama ya utambulisho wa picha ndani ya simu yako yenyewe, na alama hiyo tu ndiyo inayopelekwa kwa mitandao iliyojiunga ili iitafute na kuiondoa. Picha haitoki kwako. Kwa hiyo usiifute nakala uliyonayo kabla ya kukamilisha hatua hiyo. Huduma hizi hazifiki ndani ya soga za faragha zilizofungwa kwa usimbaji, yaani zinazosomwa na wahusika pekee, na huko kinachobaki ni kumripoti mtumaji ndani ya programu, kumzuia, na kupeleka namba yake polisi pamoja na picha za skrini.